Tanga jasho linatiririka, naambiwa nina "baridi": uzi wa baridi yabisi kutoka benchi la kliniki

#1 BobiniTupu

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, miaka 43, naishi Tanga mjini. Nashona madera na sare za shule, msimu wa harusi nashonea kamati. Humu nimesoma kwa miaka bila kuchangia. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza (mimi na uzi hatuachani) kwa sababu Jumanne iliyopita nimekaa benchi la kliniki ya wagonjwa wa nje saa nne nzima, na kila aliyenisimulia alivyofika pale alikuwa kama ananisimulia mimi.

Yangu ilianza asubuhi moja, naamka mikono yote miwili haikunji. Nilikuwa nimelala vizuri, sikufua, sikuanguka. Kifuniko cha chupa ya chai kikanishinda, nikamwita mwanangu wa darasa la nne anifungulie, akadhani namtania. Ilipofika saa nne mikono ikalainika, nikakaa kwenye cherehani, nikajiambia yameisha. Kesho yake vilevile, keshokutwa vilevile.

Pete niliivua bila kushtuka, nikasema nimenenepa. Kilichonishtua ni mkasi. Wanaoshona wanajua, mkasi wa kukatia ukiuzoea unakuwa kama kidole cha sita. Siku moja vifundo vya kidole cha shahada na cha kati vikawa vimejaa mpaka tundu la mkasi likakataa. Nikawa nakata kitambaa kwa kuushika kwa mikono miwili, kama mtu anayekata bati. Mteja kasimama mlangoni ananiangalia. Hakusema kitu, ila kitambaa chake kingine hakukileta kwangu.

Sasa safari. Zahanati ya kwanza: "Mama, hiyo ni baridi. Usifue usiku, usinywe maji ya friji." Wakuu, Tanga! Mwezi wa pili Tanga hata ukuta unatoka jasho. Dada yangu kaolewa Makete, kule mwezi wa sita na wa saba nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu, anafua na maji ya kisima alfajiri, vidole vyake vinasuka ukili mpaka leo. Mimi wa pwani ndiye mwenye baridi.

Nikapewa diklofenaki, vidonge vya maumivu. Zikisaidia naongeza, zisiposaidia naongeza. Duka la dawa likawa linanijua, nikitokea tu mlangoni binti ananyoosha mkono kwenye rafu. Baadaye tumbo likaanza kuwaka moto.

Kituo cha pili nikaambiwa ni gauti, yaani jongo, acha nyama. Hakuna aliyenitoa damu. Nikaacha nyama miezi saba, mikono ikaendelea kuvimba na mimi nikaendelea kukonda.

Cha tatu sikiite kituo. Alikuwa mtu na begi lake, ana unga wa kahawia kwenye kopo, kijiko kimoja asubuhi. Siku ya tatu nikaamka nimepona! Nilishona sare 11 wiki ile. Huo unga nitaurudia, una mambo yake.

Kwa hesabu yangu ni miaka miwili kasoro kidogo kabla sijapata rufaa. Daktari wa pale hakuanza na karatasi. Alinishika mkono kama anayenisalimia, kisha akabana vifundo vyangu kutoka pembeni, kushoto na kulia, kama anakamua limau. Nikapiga ukelele mpaka nesi akafungua mlango. Akabana na mguu, nyuma ya vidole, nako vilevile. Akauliza: asubuhi ugumu unachukua muda gani mpaka uachie? Nikasema mpaka jua lipite mnazi wa jirani. Akacheka, akasema anataka dakika. Zaidi ya saa moja, dokta, mara nyingine tatu.

Akasema wewe una baridi yabisi, jina tu ndilo lina baridi. Ni kinga ya mwili wako yenyewe imegeuka. Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba unaotoa ule ute wa kulainishia. Kinga inaushambulia huo utando kama adui, unavimba, unanenepa, mwisho unakula gegedu na mfupa wa pembeni. Ndiyo maana viungo vinauma pande zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana viungo vidogo kwanza, na ndiyo maana ukipumzika ndipo vinakaza. Goti la mzee lililochakaa ni kinyume: linauma ukitembea, ukikaa linatulia.

Halafu maswali yake yakanishangaza. Nani kwenu ana ugonjwa huu? Nani anavuta sigara nyumbani? Umezaa lini mara ya mwisho? Kisha: fungua mdomo nione fizi. Nikasema dokta, mimi nimeleta mikono.

Nitaeleza kwa nini aliuliza hayo. Kwanza nataka kusikia wenzangu. Nani mwingine yuko kwenye hili benchi?

#2 MzeeWaGahawa

Mleta mada pole, ila hiyo ni gauti. Mimi ninayo tangu 2011. Acha nyama nyekundu, acha maharage, kunywa maji mengi. Hospitali wanapenda majina marefu.

#3 Kitasa_cha_Mlango

Loweka bamia sita usiku, asubuhi kunywa maji yake. Ule utelezi unarudisha ute kwenye viungo. Bibi yangu ana miaka 80 anapanda mlima.

#4 BobiniTupu

Mzee wangu #2 shikamoo. Miezi saba bila nyama nimeshakueleza hapo juu.

#3 bamia nimekunywa mpaka wauzaji wa sokoni wakafikiri nina mgahawa. Utelezi wa bamia unaishia tumboni, mwanangu, hauna njia ya kwenda kwenye kifundo. Ni mboga nzuri, nakula kwa ugali, ila sinywi tena kama dawa.

#5 TabibuMstaafu

Nimefanya kazi idara ya wagonjwa wa nje miaka 31, wilayani na mkoani. Nianze kwa kukiri: huyo aliyekwambia baridi angeweza kuwa mimi. Miaka ile tukisikia "viungo vinauma" tunaandika dawa ya maumivu na tunaita anayefuata. Foleni ya watu 80, wa kuwaona mko wawili.

Mzee wa #2, gauti, au jongo kwa Kiswahili chetu, ina tabia yake. Inavamia usiku, ghafla, mara nyingi kiungo kimoja, na inapenda sana kidole gumba cha mguu. Siku chache inaisha, inarudi baada ya miezi. Wanaume ndio wengi, na bia ipo jirani. Ya dada huyu imekuja polepole, mikono yote, wiki hadi wiki, ugumu wa asubuhi unapita saa. Ukiona viungo vidogo vimevimba pande zote mbili na wiki 6 zimepita, usibishane na mtu, tafuta rufaa.

Kuhusu vipimo, kwa sababu najua swali linakuja. Kipimo cha damu kiitwacho RF wengi wanakiamini kupita kiasi. Katika wagonjwa wa kweli, kama 7 hadi 8 kati ya 10 hutoka chanya. Waliobaki hutoka hasi na bado vidole vinapinda. Upande wa pili, RF inaweza kuwa chanya kwa mwenye kifua kikuu, homa ya ini aina ya C, hata mzee mzima wa afya. Anti-CCP ni kipimo cha kuaminika zaidi kikiwa chanya, ila si kila maabara inacho. ESR na CRP, vipimo vya uvimbe mwilini, zinakwambia moto unawaka, hazisemi nyumba gani.

#6 Mwanaapolo_Mstaarabu

Daah uzi mzuri. Mimi niko Mererani kwenye machimbo ya tanzanite, chini ya shimo mwaka wa 14. Nina maumivu ya viungo nimechoka. Vidole vya mikono asubuhi vizito, halafu mguu ndio mbaya, kuna usiku gumba la mguu liliniwaka mpaka shuka lilikuwa zito. Jamaa wa hapa wanasema ni kukaa kwenye unyevu wa shimo. Baridi kweli haihusiki?

#7 TabibuMstaafu

Kijana, unyevu na baridi huweza kumfanya mwenye ugonjwa ajisikie vibaya zaidi, hilo wagonjwa wengi wanalisema na siwabishii. Kuuleta ugonjwa ni jambo jingine. Wewe kwenye shimo nisingeogopa baridi, ningeogopa vumbi.

Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan, kule Wales, alikuwa anasoma picha za vifua vya wachimba makaa ya mawe. Akaona wenye baridi yabisi mapafu yao yana mabonge ya mviringo ya aina yake, tofauti na wenzao. Tangu hapo watu wakaanza kufuatilia vumbi la mawe. Vumbi la silika, lile la kuchoronga mwamba na kukata mawe, limeonekana tena na tena kuongeza hatari ya ugonjwa huu. Na mvuta sigara anayevuta na vumbi anajizidishia.

Maelezo yanayokubalika sana leo ni kwamba mchezo unaanzia mbali na kiungo, hasa kwenye mapafu na fizi. Moshi au vumbi likichokoza mapafu, protini za pale zinageuzwa kidogo umbo lake. Kinga ya mtu mwenye aina fulani ya vinasaba inaziona ngeni, inatengeneza silaha dhidi yake. Hizo silaha ndizo kipimo cha anti-CCP kinazozitafuta, na zinaweza kuwa kwenye damu miaka kabla kidole cha kwanza hakijavimba. Kwenye fizi zilizooza kuna bakteria mmoja, Porphyromonas gingivalis, anayeweza kufanya mageuzi yaleyale. Ndiyo sababu ya "fungua mdomo", dada.

#8 BobiniTupu

Ahsante tabibu, umeniokolea kazi. Mimi sijawahi kuvuta, ila nimelelewa na baba aliyekuwa akizima sigara moja kwa kuwashia nyingine, chumba kimoja na kitanda chetu. Dokta akaandika hilo. Hakusema ndilo lililoniletea, alisema anaandika.

Upande wa ukoo: shangazi, dada wa baba, vidole vyake vilikuwa vimelala vyote kuelekea nje, kama mihogo iliyopeperushwa na upepo. Kwetu walisema kalogwa na mke mwenzie. Mke mwenzie akaishi na jina hilo mpaka anakufa. Nikimkumbuka yule mama roho inaniuma kuliko mikono.

Ukiwa na mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto mwenye ugonjwa huu, hatari yako inapanda kama mara 3 hivi, nimeambiwa. Shangazi ni mbali kidogo, lakini naye aliandikwa.

#9 MamaPacha

Dada umenigusa. Mimi 29. Nilipokuwa na mimba nilikuwa mzima kabisa. Nimejifungua, mwezi wa tatu mikono ikakaza, siwezi hata kufunga nepi. Mama mkwe anasema nilivunja masharti, nilioga maji ya baridi kabla ya arobaini. Nimeishi na hiyo lawama mwaka mzima.

#10 BobiniTupu

MamaPacha pole mdogo wangu. Kwenye benchi letu, Jumanne ile, niliwahesabu wanawake 14, wanaume 3, na mmoja kati ya hao watatu alikuwa amemsindikiza mkewe. Watatu kati ya wale wanawake walisema kama wewe: ilianza baada ya uzazi. Nilimuuliza dokta. Akasema mimba huwatuliza wagonjwa wengi, kinga inajishusha ili isimkatae mtoto. Ukishajifungua inarudi juu, na miezi ya mwanzo baada ya uzazi ndiyo wengi wanaona dalili kwa mara ya kwanza, au wenye ugonjwa wanazidiwa. Maji ya kuoga hayamo. Tena akasema kunyonyesha kwa muda mrefu kumeonekana kwenda na hatari ndogo.

Mwambie mama mkwe kwa adabu, au usimwambie, wewe unamjua.

#11 Mtoto_wa_Chumbageni

Swali la kizushi: wanawake wengi kwenye benchi ni kwa sababu wanaumwa zaidi, au kwa sababu wanaume hatuendi hospitali mpaka tubebwe?

#12 TabibuMstaafu

Si la kizushi hata kidogo, ndilo swali ambalo utafiti wa hospitalini unaniacha nalo kila mara. Yote mawili. Duniani WHO ilihesabu watu milioni 18 wenye ugonjwa huu mwaka 2019, na kama asilimia 70 ni wanawake. Hiyo ni halisi. Lakini ukikaa kliniki moja ukahesabu, unahesabu wenye nauli, wenye bima, walioandikiwa rufaa, na ambao kilimo kimewaruhusu kuja Jumanne. Mkulima wa kiume aliyepinda vidole huko Handeni hayumo kwenye daftari lako. Kwa hiyo mtu akiandika "sababu za hatari kwa wagonjwa wa nje" mimi namuuliza kwanza: umewalinganisha na nani? Ukiwauliza wenye viungo vibovu peke yao kama wanafua na maji baridi, wote watasema ndiyo. Na majirani zao wazima nao wangesema ndiyo.

Afrika hii suala lilishawapa watu kizunguzungu. Afrika Kusini, matokeo ya 1975: kijijini kwa Watswana ugonjwa ulipatikana kwa kama asilimia 0.12 ya watu wazima, ila mjini Soweto ulikaribia asilimia 0.9, sawa na Ulaya. Watu weusi wote, nchi moja. Nigeria, mji wa Igbo-Ora, ule wenye mapacha wengi, walichunguza watu wazima karibu 2,000, matokeo yakatoka 1993: hakuna hata mmoja. Wengine wakasema vijijini watu ni vijana, wengine wakasema maambukizi ya utotoni yanaifundisha kinga adabu, wengine wakasema mjini kuna sigara, moshi na unene. Nadhani kila mmoja ana kipande. Ila hakuna anayeweza kusema baridi, maana Soweto na kijijini majira ya baridi ni mamoja.

#13 Kitasa_cha_Mlango

Tabibu umeandika kama unadaiwa. Kuvunja vidole je? Mimi navunja tangu sekondari.

#14 TabibuMstaafu

Vunja. Unawasumbua walio karibu, ugonjwa huu hauletwi na hilo.

#15 DawaAsiliaBora

Wapendwa ugonjwa huu unapona kabisa. Tuna unga wa mizizi 7, siku 3 tu unaona mabadiliko. Njoo inbox.

#16 BobiniTupu

Umekuja mwenyewe, karibu ukae. Nilisema nitaurudia unga.

Siku ya tatu nilipona, kweli. Mwezi wa pili uso ukaanza kujaa, mashavu kama mtu aliyebeba maandazi mdomoni. Majirani wananisifia, "mama siku hizi umenawiri." Shingo nyuma ikaota nundu ndogo. Ngozi ya mkono ikawa laini mno, sindano ikinigusa inaacha doa jeusi. Sukari, ambayo sijawahi kuwa nayo, ikapanda. Unga ukaisha, yule mtu na begi hakuonekana wiki mbili, nikaanguka jikoni. Sina nguvu ya kuinua sufuria.

Dokta alipoliona kopo, akalinusa tu, akaniuliza bei, akasema: mizizi inaweza kuwemo, lakini uso huu ni wa steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe zinazofanana na homoni ya mwili. Akahisi wamesaga deksamethasoni au prednisoloni humo. Akasema kuacha ghafla kungeweza kuniua, kwa sababu mwili ulishaacha kutengeneza homoni yake wenyewe.

#17 TabibuMstaafu

Hapa niongeze kisa, maana kinaeleza kwa nini watu wa unga wanapata wateja. Septemba 1948, hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench alimpa mwanamke wa miaka 29 sindano za kitu kipya, baadaye kikaitwa kortisoni. Alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Ndani ya siku chache akatembea, akaenda mjini kufanya manunuzi. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobeli. Dunia nzima ikasema baridi yabisi imekwisha. Halafu nyuso zikaanza kuvimba, mifupa kuvunjika, watu kuchanganyikiwa akili. Yaani muujiza wa siku ya tatu ni wa kweli, na ulishatokea, na ulishatolewa hukumu yake. Prednisoloni bado tunaitumia: kidogo, kwa muda, na kwa kushusha ngazi kwa ngazi, huku tukisubiri dawa yenyewe ianze kazi.

#18 DawaAsiliaBora

Sisi yetu ni asili 100%.

#19 Mtoto_wa_Chumbageni

Weka hapa cheti cha maabara, siyo inbox.

#20 NesiWaZamu

Ngoja niingie kwa sababu kuna jambo moja mtu anaweza kufa nalo humu.

Dawa kuu ya ugonjwa huu ni methotreksati. Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Siyo kwa siku. Nimempokea baba mmoja, aliandikiwa mahali fulani, yeye akaona vidonge vya rangi ya njano ni vidogo, akajisemea hivi havitoshi, akawa anameza kila siku. Alikuja baada ya siku 9, mdomo mzima vidonda, hawezi kumeza hata mate, chembe za damu zimeshuka zote. Alipona, ila alikaa wodini muda mrefu.

Chagua siku yako, iandike kwenye kalenda ya ukutani kwa jina. Na vidonge vya foliki asidi meza siku nyingine, ndivyo vinavyopunguza vidonda na kichefuchefu. Kapime damu na ini kama ulivyopangiwa. Pombe, acha. MamaPacha nisikilize hasa wewe: dawa hii na mimba haviendi pamoja, inaharibu mtoto. Uwe na uzazi wa mpango, na ukitaka kuzaa tena mwambie daktari miezi kabla, kuna dawa nyingine za kubadilishia.

#21 BobiniTupu

Nakazia alichosema nesi. Mimi siku yangu ni Ijumaa usiku, nimeiandika kwa chaki ya kitambaa kwenye ubao wa cherehani. Mteja mmoja aliuliza "Ijumaa 6" ni oda ya nani.

Nilipewa pia haidroksiklorokwini. Nikamwambia dokta, sina malaria. Akasema ni ndugu yake klorokwini, ile iliyoachwa kwa malaria hapa kwetu 2001. Watu wa rika langu mnaikumbuka ile klorokwini, unajikuna mpaka unatafuta mchi. Hii haijaniwasha. Ila macho yanatakiwa yapimwe mwanzoni na baadaye kila baada ya muda, maana ikitumika miaka mingi inaweza kugusa pazia la nyuma ya jicho. Fundi bila macho, si bora mikono iniume?

Dawa hizi hazikimbii kama unga. Wiki ya nne nikataka kuzitupa. Wiki ya nane hivi nikagundua nimefungua chupa ya chai bila kumwita mtoto. Sikugundua pale pale, niligundua nimeshamimina.

#22 MamaPacha

Dada na vidole vilivyokwisha kupinda vinarudi?

#23 BobiniTupu

Nilichoambiwa ni kwamba uvimbe unarudi nyuma, mfupa ulioliwa haurudi. Eksirei yangu inaonyesha kifundo kimoja cha mkono wa kulia kina kipengo pembeni kama biskuti iliyotafunwa na panya. Kile ndicho miaka yangu miwili ya friji na bamia. Wale waliokuja ndani ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo mikono yao unaiona tu, imenyooka. Kuna msichana wa chuo aliyekaa jirani yangu, nikafikiri amesindikiza mtu.

Wewe una mwaka mmoja. Usikae hapa kunisoma, nenda.

#24 MamaPacha

Naenda Jumatatu. Nikikwama rufaa narudi kulia humu.

#25 Mwanaapolo_Mstaarabu

Mrejesho wakuu. Baada ya uzi huu niliogopa vumbi kuliko nilivyowahi kuogopa shimo, nikapanda Arusha. Daktari amenibana vifundo vya mikono kama alivyobanwa dada, sikupiga kelele. Akaniuliza ugumu wa asubuhi, nikasema dakika tano, kumi. RF hasi, akasema hasi peke yake haimtoshi, ila na mikono haijavimba. Akaniuliza kuhusu lile gumba la mguu, na bia za wikendi. Akanipima asidi ya yuriki, imepita kiwango. Kidoleni bado kulikuwa na maji, akavuta kwa sindano, akaonyesha fuwele za asidi hiyo kwenye darubini.

Ni gauti.

Picha ya kifua nimepiga pia, imetoka safi. Sigara nimeacha siku 12. Bia naomba msiniulize.

#26 MzeeWaGahawa

NILISEMA MIMI.

#27 BobiniTupu

Mzee wangu shikamoo tena. Uliniambia mimi, siyo yeye. Ila haya, leo chukua moja.

Mwanaapolo hongera kwa kwenda. Barakoa ya vumbi endelea kuvaa, gauti haikukingi na silika.

#28 Kitasa_cha_Mlango

Kwa hiyo bamia kwa gauti je?

#29 TabibuMstaafu

Kijana kapike.